Samaki mkali wa mito yetu: namna ya kumzalisha nyumbani



Mara ya mwisho tulizungumza juu ya sungura, na nilifikiri maulizo yatakayokuja yatakuwa ya sungura. Kumbe sivyo! Vijana wanauliza juu ya samaki. Kule Ruashi, kule Katuba, hata Likasi na Kolwezi, kuko watoto wa shule wanaoshika samaki wadogo ndani ya vijito, wanawaweka ndani ya sanduku la kioo, yaani akwariamu, na wanangoja wazae. Wanachopata ni vita. Kijana mmoja alinisimamisha njiani, akasema: "Pasta, ile dume yangu imemaliza wanamuke yote. Asubuhi nakuta moja amekufa, kesho mwingine. Nifanye je?"

Ulizo lake ni zuri, na jibu si fupi. Tulitazame pamoja.

Huyu samaki ni nani?

Alipomweleza (mwili wa manjano, mdomo wenye rangi ya buluu, na alama nyekundu ya machungwa kwenye ncha ya pezi la chini, nyuma ya tumbo) nilimtambua mara moja. Jina lake la vitabu ni Pseudocrenilabrus philander. Jina refu kuliko samaki mwenyewe! Sisi tumwite Filanda, inatosha. Mtaalamu Max Weber alimwandika mara ya kwanza mwaka 1897, kwa samaki waliotoka Afrika ya Kusini, lakini makao yake yanapanda kutoka kule, yanapita Zimbabwe na Zambia, yanafika hapa kwetu Katanga. Ni ndugu wa tilapia, wa jamaa moja inayoitwa sikilidi. Tofauti ni kwamba tilapia anajaza sahani, na Filanda mara nyingi hapiti sentimita 10. Anapenda maji ya kimya penye majani: kando ya kijito, ndani ya bwawa, ndani ya mtaro.

Kuko watu wanaofikiri kwamba samaki wa akwariamu lazima atoke Asia ao Amerika, na auzwe kwa dola. Wanajidanganya. Ndugu wa karibu wa Filanda, yule wa mto Nile kule Misri, alipelekwa Ujerumani tangu mwaka 1902, na watu wa kule walimpenda sana juu ya namna mama anavyobeba watoto. Na samaki wa ziwa Tanganyika, wale ambao watu wa Kalemie na Moba wanawaona kila siku kwenye mawe, wanafugwa katika nyumba za Ulaya, Japani na Marekani. Mmoja wao anaitwa Neolamprologus brichardi, kwa jina la Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akiwatuma ng'ambo kutoka Bujumbura. Basi mtoto wa Katuba anayekaa mbele ya kioo akimtazama Filanda wa kijito chake asione haya. Watu wengine wanalipa mingi kwa kuona ndugu zake.

Juu ya nini anaua?

Hapa ndipo vijana wengi wanakosa. Wanasema: "Ni mbaya, ana roho ya kuua." Hapana. Filanda dume anafanya ndani ya kioo kile kile anachofanya ndani ya kijito. Ni mahali ndipo pamebadilika.

Tuanze na tilapia, juu yeye amechunguzwa sana katika inchi yetu. Mwaka 1963 Mbelgiji Jean-Claude Ruwet alichapisha mambo aliyoyaona katika ziwa la Lufira, lile lililotokea nyuma ya bwawa la umeme la Mwadingusha, si mbali na Likasi. Madume wa tilapia wanakusanyika penye maji mafupi. Kila mmoja anachimba kiota chake chini, anakilinda, anamfukuza kila anayekaribia. Jike anakuja, anataga, anachukua mayai mdomoni, na anaenda zake. Hakai pale. Anaenda mbali, penye majani, kulea watoto wake kwa amani. Dume hamfuati, juu hawezi kuacha kiota chake; akikiacha, mwingine atakichukua.

Filanda naye anafanya vivyo hivyo, kwa udogo wake. Dume anachimba shimo kwenye mchanga na kulifanya kuwa lupango lake. Jike ambaye yuko tayari kutaga anakaribishwa. Jike ambaye hayuko tayari, ao ambaye amekwisha kutaga, anafukuzwa. Ndani ya kijito kufukuzwa si jambo kubwa: anaogelea mita 2 ao 3, yuko nje ya lupango, mambo yamekwisha. Sasa umweke ndani ya kioo cha sentimita 50. Anakimbia, anafika kwenye pembe, anarudi, bado yuko ndani ya lupango la dume. Dume anaona: "Huyu hajatoka." Anampiga tena. Anakimbia tena, anafika kwenye pembe ileile. Kutwa nzima, siku 2, siku 3. Mapezi yanapasuka, magamba yanaanguka, hali tena, na asubuhi umemkuta juu ya maji.

Hakuna siri nyingine. Mto hauna pembe, kioo kiko na pembe 4. Wewe uliyemtoa mtoni ndiwe unapaswa kumpa jike njia ya kutoka.

Nataka kusema neno dogo pembeni. Baba mmoja aliposikia habari hii alicheka, akasema: "Kumbe hata kwa samaki dume njo anatawala!" Baba, tafadhali. Samaki huyu hatumfugi ili atufundishe ndoa. Tena ukitaka kutafuta mafundisho kwa samaki utachoka, maana kila mmoja na desturi yake. Kule Marekani ya Kaskazini kuko samaki wa mito ambao wanaitwa samaki wa jua. Nao wakali vilevile, dume anachimba kiota na kupiga kila anayekaribia. Lakini kwao jike akitaga anaondoka, na ni baba ndiye anayebaki kulinda mayai na kuyapepea maji kwa mapezi. Je, baba yetu atafuata na huyo pia?

Turudie kazi yetu.

Kioo na maji

Kwa dume 1 na majike 3 ao 4, tafuta kioo chenye urefu wa sentimita 80 kwa uchache. Mita 1 ni bora. Urefu wa kulala ndio unaokomboa, si wa kusimama. Kioo cha sentimita 80 kwa 35 kwa 40 kinashika karibu lita 110 za maji, ni kusema kilo 110, mbali na kioo chenyewe na mchanga. Usikiweke juu ya kameza ka kuvunjika, hasa mahali watoto wadogo wanapita. Ukikitengeneza mwenyewe, tumia silikoni ya kawaida. Ile iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu iko na dawa inayoua samaki.

Maji ya Regideso mara nyingi yako na klorini. Yaache ndani ya ndoo wazi siku 1 ao 2 mbele ya kuyatumia. Maji ya kisima ni mazuri ikiwa kisima hakiko karibu na kiwanda. Na sasa jambo la watu wa inchi ya shaba: shaba ni sumu kali kwa samaki. Sisi tunaishi juu ya shaba, tunakula kwa shaba, lakini Filanda hawezi. Usiweke ndani ya maji waya wa shaba, bomba la shaba, franka za zamani, wala jiwe la malakiti. Najua kipande cha malakiti kinang'aa kizuri chini ya maji, na kila soko la Lubumbashi linaviuza. Lakini malakiti ni madini ya shaba, na kidogo kidogo inatoa sumu ndani ya maji. Hata mawe ya kijani uliyookota kwenye terili, yaache kule.

Ni juu ya sababu ileile ninawaomba msiwashike samaki katika mito inayopokea maji ya viwanda na ya kuoshea madini. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu na machimbo na viwanda vya Katanga wako na kobalti nyingi sana mwilini. Ikiwa kwa mtu ni hivyo, samaki anayekunywa mto huo usiku na mchana tuseme nini? Tafuta kijito cha juu, mbali na migodi. Na samaki wa majaribio asiishie ndani ya sufuria ya mama.

Chini weka mchanga wa mto uliooshwa mara nyingi, hata maji yake yawe meupe. Filanda anapenda kuchimba. Pasipo mchanga hana furaha. Lakini mawe makubwa uyaweke kwanza juu ya kioo, kisha mchanga baadaye. Ukiyaweka juu ya mchanga, dume atachimba chini yake, jiwe litaanguka, na kioo kitapasuka usiku wakati umelala.

Halafu jambo la maana kuliko yote: panga mawe, vyungu vilivyovunjika na majani ili samaki aliye upande mmoja asiweze kuona upande mwingine. Jenga kama ukuta katikati, wenye matundu. Dume hafukuzi anachokosa kuona. Weka pia majani yanayoelea juu, maana jike aliyechoka anapanda kujificha karibu na uso wa maji. Kila jike awe na kificho chake, na vificho vizidi hesabu ya samaki. Kificho chenye mlango mmoja tu ni mtego. Kiwe na milango 2.

Habari ya umeme: msiogope. Najua kuran inakatika, na pompi ya hewa inasimama. Filanda ni mtoto wa maji ya kimya, anavumilia. Ukiwa na samaki wachache, kioo kipana, na ukibadilisha theluthi moja ya maji kila juma, unaweza kuendelea hata bila pompi. Lakini ukiwa na pompi, ondoa fishi kwenye ukuta kila mara mbele ya kuingiza mkono majini. Wazazi, jambo hili mlisimamie nyinyi wenyewe, msiwaachie watoto.

Tena usijaze samaki wote siku moja. Uchafu wa samaki ni sumu, na kuko viini vidogo vinavyouvunja, lakini vinahitaji kama juma 4 hadi 6 kuzaana ndani ya kioo kipya. Anza na samaki 2 ao 3 wadogo, chakula kidogo sana.

Kuchagua dume na majike

Wakiwa wadogo wote wanafanana, rangi ya udongo. Shika wadogo 6 ao 8, walee pamoja. Yule wa kwanza kugeuka manjano ndiye bwana wa kioo. Mwingine akianza kugeuka, mtoe. Kioo cha sentimita 80 hakina nafasi ya mabwana 2. Usifanye kosa la kuweka dume 1 na jike 1, ukifikiri wataishi kama bibi na bwana. Jike wa peke yake anabeba hasira yote mgongoni mwake. Wakiwa 3 ao 4, hasira inagawanyika, na hakuna anayekufa juu yake. Ndiyo kosa la yule kijana wa njiani: alikuwa akiongeza jike mmoja mmoja, kila wakati yule wa kwanza amekufa.

Chakula: minyoo ya udongo iliyokatwa, mabuu ya mbu, kumbikumbi wakati wa mvua, samaki mkavu aliyetwangwa. Bukari hapana, inaharibu maji tu.

Hapa Lubumbashi tuko kwenye kimo cha karibu mita 1.200, na usiku wa Juni na Julai ni baridi. Filanda hatakufa, lakini hatazaa pia. Anapenda maji ya digri 22 hadi 26. Septemba joto linaporudi, mtaona dume anawaka rangi na kuanza kuchimba.

Wakati wa kuzaa

Dume anatetemeka mbele ya jike, anaonyesha ubavu wake, anarudi kwenye shimo, anatoka tena. Jike akiwa tayari anamfuata, wanazunguka pamoja. Anataga mayai machache, na mara moja anayaokota mdomoni. Halafu anakaribia ile alama nyekundu ya pezi la dume, kama anataka kuiokota nayo, na kwa njia hiyo mbegu ya dume inaingia mdomoni na kukuta mayai. Mjerumani Wolfgang Wickler alieleza mwaka 1962 kwamba katika jamaa hii ya samaki kuko madume ambao alama za pezi lao zinafanana na yai, na jike anazifuata. Mimi nasema, anayetaka kuona kazi ya ajabu asitafute televizio.

Kazi ikiisha, koo la jike linavimba na haliepukiki kuonekana. Kuanzia pale hali kitu, karibu juma 2. Ana njaa, ana mzigo, hawezi kupigana, na dume hamtambui tena kama mke. Kwake ni mgeni ndani ya lupango. Huu ndio wakati wa hatari.

Umhamishe. Ngoja siku 3 ao 4, ili azoee mzigo wake. Uende usiku, taa imezimwa, samaki wanapolala. Usitumie wavu, akishtuka atatema mayai yote. Tumia bokali ya kioo ao chupa kubwa ya plastiki iliyokatwa shingo, umchote polepole pamoja na maji yake. Mahali pake papya pawe tayari mbele: beseni safi ao kioo kidogo cha lita 20 ao 30, kimejazwa maji ya kioo kilekile, na kificho kimoja. Kifunike na kitambaa, asisumbuliwe na watoto wa jirani.

Kisha siku moja utaona kama vumbi linaloogelea mbele ya uso wake. Ni watoto. Ukikaribisha kidole wote wanakimbilia mdomoni mwa mama, na anafunga mdomo. Siku chache anawalinda hivyo. Halafu anawachoka kidogo kidogo, na njaa inamrudia. Hapo mtoe, asije akawala.

Lakini usimrudishe kwa dume siku ileile! Wengi wanampoteza jike hapa, baada ya kazi yote. Amekonda, hana nguvu. Mlishe peke yake siku 10 ao juma 2 hata tumbo lijae. Siku ya kumrudisha, geuza mawe yote ya kioo kikubwa, badilisha mahali pa vyungu. Dume atakuta lupango lake limevurugika, atakuwa na kazi ya kuanza upya, na jike ataingia wakati dume ameshughulika. Fanya hivyo jioni.

Na ikiwa pamoja na hayo yote jike mmoja anasimama kwenye pembe ya juu, mapezi amebana, anapumua mbio? Mtoe leo hii. Usiseme "nitaona kesho." Ao umtoe dume mwenyewe, umfungie juma 1 ndani ya ndoo yenye maji safi. Akirudi yeye ndiye mgeni.

Watoto wanakula unga mwororo wa samaki mkavu, kidogo sana, mara 3 kwa siku. Kiini cha yai lililochemshwa kinafaa pia, ncha ya kisu tu, maana kinaoza haraka. Maji ya kijani kutoka pipa lililokaa kwenye jua yako na chakula kizuri ambacho jicho halioni.

Jike mmoja anaweza kukuletea makumi ya watoto kwa mara moja, na baada ya majuma machache anaanza tena. Muwaze mapema watakwenda wapi. Wafugaji wa tilapia wanajua shida hii: bwawa linajaa samaki wadogo wasiokua, wengi kama mchanga. Gawieni marafiki, badilishaneni na vijana wa mtaa mwingine ili damu ichanganyike, ao acheni dume na majike mbali kwa miezi kadhaa. Ila msiwamwage mtoni, hasa ikiwa mmewachanganya na samaki waliotoka mahali pengine. Majirani wetu wa Zambia wameona katika mto Kafue namna tilapia wa Nile, aliyetoroka kwenye mabwawa ya kufugia, alivyochanganyika na tilapia wa pale. Filanda wa Kolwezi abaki Kolwezi, wa Lubumbashi abaki Lubumbashi.

Yule kijana wa njiani amekwisha kupata kioo cha mita 1, cha dirisha la zamani. Anangoja Septemba.